Dakika Tano Simu Ipumzike

Jumatatu, 7 Juni 1999

Nimetoka kazini saa kumi. Nimefua, nimeanika. Simu ya jirani, Mama Neema, imeingia, nikaenda kumgongea. Kaka yake, kutoka Iringa. Mama yao amelazwa. Alipomaliza akafuta mkonga wa simu kwa pembe ya kitenge chake, kama afanyavyo siku zote, akashukuru.

Simu aliiacha marehemu baba. Katika njia yetu hapa Temeke hakuna nyingine. Nyumba saba zimewapa ndugu zao namba yetu. Kazi ya kugonga milango ni yangu. Siilalamikii.

Jumatano, 9 Juni

Hilda bado ana plasta ya mguu uliovunjika, mpaka pajani. Miaka tisa tumekaa naye meza moja pale kiwanda cha uchapaji, tukikata karatasi na kubandika kurasa kwa gundi. Sasa bosi ameleta kompyuta za kupangia kurasa. Mimi nimeshajifunza. Hilda alianguka kwenye ngazi wiki ileile zilipofika. Bosi kasema mwisho wa Julai atatupima wote. Asiyejua hana meza.

Hilda anauguzwa kwa kaka yake, Kinondoni. Siwezi kwenda kila jioni. Idrisa, fundi wa kompyuta tuliyesoma naye sekondari, kaja na wazo: kompyuta moja kuukuu kwangu, moja kwa Hilda, zipigiane kwa simu. Hilda aone skrini yangu nikifanya kazi, na sauti yangu aisikie humohumo. Nimecheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 11 Juni

Programu mbili za kuchagua. Ya kwanza iko kwenye sidii, nakala ya dukani Kariakoo. Nzuri. Vitufe vya bluu, herufi safi. Laini ikikatika inapiga tena yenyewe. Ya pili iko kwenye diski nne, Idrisa kapewa na rafiki yake mwalimu. Imetengenezwa na watu wengi wasiojuana. Wanaigawa bure pamoja na maandishi yake yote ya ndani, anayeweza aibadilishe atakavyo. Mbaya sana. Kijivu kitupu, herufi zimebanana. Kazi yangu ni kurasa. Siwezi kukaa na ubaya ule saa nzima.

Idrisa kaitetea. Ile nzuri imefungwa, kasema, tutakula tunachopakuliwa. Nikamjibu kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tumeweka nzuri.

Jumapili, 13 Juni

Imekubali. Sauti ya Hilda inatoka kama yuko ndani ya mtungi, lakini ni yake. Kaniuliza, "Zai, mie naona mshale tu unatembea. Mwenye mkono yuko wapi?"

Saa moja. Laini ilikatika mara tatu, programu ikapiga tena kabla sijainuka kitini. Nimeipenda kwa hilo.

Jumamosi, 19 Juni

Saa nane mpaka saa kumi na moja. Nilikusudia saa moja tu. Hilda kapanga ukurasa mzima wa mtihani bila kuniuliza kitu, hatukutaka kuachia hapo. Laini sijui ilikatika mara ngapi. Furaha tupu.

Jumatatu, 21 Juni

Nilikuwa nafunga mlango niende kazini, simu ikalia. Kaka yake Mama Neema. Nikaenda kugonga. Nilisimama pembeni wakati anasikiliza. Mama yao amefariki jana jioni.

Kazini sikwenda. Mchana nimeyajua mengine. Jumamosi kaka yake alipanga foleni ofisi ya simu tangu saa nane, akajaribu mara nne. Kila mara simu inatumika. Alitaka kumwambia mama anakuita, panda basi la alfajiri. Jumapili ofisi haifunguliwi. Kwa basi la alfajiri angefika Iringa saa tisa alasiri. Mama alikata roho saa kumi na mbili.

Nimehesabu tena na tena. Ni mimi.

Jumanne, 22 Juni

Mama Neema kaenda kuzika. Nilimbebea begi mpaka kituoni, njiani nikamweleza yote, kompyuta na Hilda na saa tatu zile. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Haya, dada Zai." Basi.

Jumamosi, 3 Julai

Amerudi. Kanisalimia vizuri. Nilikwenda kumpa pole tena, akanipa kiti, akanipa chai. Kisha akasema, "Nyumbani nimewapa namba ya kwa Mangi, pale dukani barabarani. Nisiwe nakusumbua."

Kwa adabu kabisa. Bora angenitukana.

Kompyuta sijaiwasha tangu siku ile. Hilda kapiga simu ya kawaida kuuliza kulikoni. Nimemwambia. Akasema tuache. Meza yake ya kazini itapotea hivyohivyo.

Jumatatu, 5 Julai

Idrisa kaja. Katafuta kwenye ile programu nzuri mahali pa kuizuia isipige yenyewe. Hakuna. Kaitoa, kaweka mbaya. Akafungua maandishi yake, mengi kupita kiasi, akaongeza mistari yake kumi na kitu. Sasa kila dakika kumi inakata. Inaiacha simu ipumzike dakika tano, ndipo inapiga tena. Hakusema "nilikwambia". Namshukuru kwa hilo zaidi.

Nimepita nyumba zote saba. Saa kumi na moja mpaka kumi na mbili jioni kompyuta itakuwa kwenye simu, ndugu akikosa ajaribu tena kila dakika tano. Nyumba sita zimeuliza maswali. Mama Neema kasema sawa.

Alhamisi, 15 Julai

Hilda analalamika kwamba namkatia maneno mdomoni. Simkatii mimi. Lakini katika zile dakika tano anafanya peke yake, na tukirudi ukurasa umesogea. Mimi nakaa nikiitazama simu. Hailii.

Jumatano, 28 Julai

Ijumaa Hilda anapimwa. Tumerudia majedwali. Saa kumi na moja na dakika kumi programu ikakata, yeye yuko katikati ya sentensi. Nikakaa kusubiri.

Dakika ya tatu simu ikalia. Mwanamume, kutoka Iringa. Akaomba radhi kwa usumbufu, akaomba nimwitie dada yake. Nikamuuliza, kwani si mnapiga kwa Mangi. Kasema barua ya dada yake iliwafikia juzi, warudie namba ya zamani.

Mama Neema hakuniambia. Nimezima kompyuta isije ikapiga, nikaenda kugonga.

Aliongea kirefu, kwa Kihehe. Akacheka mara moja. Mimi nilikuwa uani nikianua nguo. Nilipoingia alikuwa ameshamaliza, anafuta mkonga kwa pembe ya kitenge.