Lenzi ya Baba

Yaya Nafisa, dada yangu,

Tuko bazima, mvua imeanza.

Katika picha nilizopiga kwa harusi ya Feza, bantu ba mbali balitoka na ukungu. Mbele ya wageni nilisema lenzi ya zamani ya Baba imeoza, kama macho yake. Aliinuka, akaenda kulala.

Leo nimepima pete inayoshikiza lenzi kwenye kamera yangu mupya. Iko munene kupita kiasi, ndiyo inazuia lenzi kuona ya mbali, na ni mimi niliyeichagua. Lenzi iko muzuri.

Nilienda kumuomba pardon. Nikamukuta anashusha ukutani picha alizopiga ujana wake wote.

"Bilal, hizi nazo zilikuwa na ukungu, bantu bakanificha?"

Pete ilikuwa mufukoni mwangu, Yaya, nikaiacha humo. Nikamusaidia kuzishusha.

Mudogo wako,
Bilal