Hodi ya Memsabu Edith

Milcah dada, sikiliza yaliyonipata leo.

Nilisahau kitabu changu cha nyimbo jikoni kwa Memsabu Edith, yule Mzungu mwalimu wa Kiingereza ninayempikia. Jumapili si siku yangu ya kazi, kwa hiyo niliingia kimya kwa mlango wa nyuma. Mara nikasikia hodi kwenye mlango wa mbele. Nikachungulia dirishani, kumbe ni yeye mwenyewe. Anaishi peke yake, Milcah, na anajipigia hodi.

Akangoja. Akapiga tena.

Nilijua nikionekana kazi imekwisha, lakini mdomo ukanitangulia: "Karibu, mwanangu."

Mwanangu. Memsabu nimemwita mwanangu.

Akaingia, machozi yanamtoka. "Mama Naliaka, tangu nifike Nakuru hakuna mtu ameniambia karibu."

Miaka miwili namwombea kila asubuhi, Milcah. Kwangu sijamwalika hata siku moja.