Sarafu Iliyo Kwenye Mtutu wa Babu Yako

Bonde la Mimbres,
New Mexico,
tarehe 9 Oktoba, 1924.

Mpendwa mjukuu wangu Orrin, mume wangu mdogo,

Pokea salamu za bibi yako Keturah, nyingi kuliko maharage yaliyo ghalani. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na unyevu wa huko Oregon? Je, wanakupa chakula cha mtu, au wanakulisha samaki wale wale mnaowatia makoponi kutwa? Mimi sijambo, ila magoti. Siku hizi magoti yangu yanatabiri mvua kuliko mchungaji, na hayaombi sadaka.

Mwandiko unaouona ni wa mjomba wako Lemuel, maana mimi shule sikuonjeshwa hata siku moja. Maneno ni yangu. Nimemwambia asiruke hata moja, hata lile litakalomchoma, naye ameapa. Basi usiikunje barua ukaitia motoni kwa kuuona mkono wake. Soma mpaka mwisho, kisha ukasirike ukitaka.

Huku miti ya mtoni imegeuka manjano yote kwa wiki moja. Asubuhi ukungu unapanda kutoka majini mpaka usawa wa uzio, na farasi wanaonekana vichwa na migongo tu, kama wanaogelea kwenye maziwa. Mimi hukaa mlangoni na kikombe cha kahawa nikiwatazama wakipita bila kwato, na mara nyingine sijui kama nimeamka au bado nimelala. Farasi wetu Yubilei amezaa tena. Ni jike, lina doa jeupe pajani, na lina kichwa kigumu kama cha watu wa nyumba hii.

Babu yako ananijia sana usingizini. Haji kwa maneno. Anaingia uani taratibu, anasimama, anatazama ndoo, anatazama kuku, anatazama mikono yangu, kitu kimoja baada ya kingine, kama mtu aliyefika sokoni mapema na hana haraka. Kisha naamka na mto umelowa. Sikuandikii hayo ili unihurumie. Nakuandikia kwa sababu ndoto hiyo ndiyo iliyonifungua mdomo.

Sasa nisikilize kuhusu ile bastola.

Jumatatu iliyopita Lemuel alikuja na koleo na tupa mfukoni. Akaishusha bastola ya baba yake kutoka kwenye msumari, akaiweka mezani kwangu, juu ya unga wangu wa mahindi, akasema, "Mama, naitoa hii sarafu. Nitaipeleka mjini watie ncha ya kulengea ya kiwandani kama bastola za watu. Hii imetuletea mkosi."

Unaijua sarafu anayoisema. Ni ile nusu ya senti kumi uliyoikata kwa msumeno, ukaichomeka kwenye mkato mwishoni mwa mtutu, ukailehemu, ikasimama pale kama mwezi mchanga, ili mlengaji awe na kitu cha kuweka jicho. Uliitafuta yenye mwaka wako wa kuzaliwa, 1898. Ile ya kwanza babu yako Ansel aliitia mwaka tuliooana, ikaingia na kutoka kwenye mkoba wa ngozi miaka arobaini na zaidi mpaka ikalika, ikawa nyembamba kama ukucha. Wewe ukamwekea mpya kwa siri, iwe zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Nakumbuka ulivyokuwa unashuka mtoni kuijaribu, unapiga risasi, unapitisha tupa kidogo, unapiga tena. Ulikuwa umejaa vumbi la fedha mpaka kwenye nyusi.

Na unajua walivyosema wanaume wa bonde hili. Kwamba sarafu ya kulengea hupimwa na jicho la mwenye bastola, si la mtu mwingine. Ukiipunguza kwa tupa risasi inapanda, ukiiacha ndefu risasi inashuka, na fedha ikishakwanguliwa hairudi. Kwamba ulimpimia mzee kwa jicho lako.

Halafu akaja puma, yule simba wa milimani. Asubuhi ile Ansel alifyatua akiwa kwenye mlango wa jiko, akakosa, mnyama akamrarua mtoto wa Yubilei, na mzee alipokimbilia zizini, Yubilei kwa hofu akampiga teke la nyonga. Aliishi siku kumi na moja tu. Na pale makaburini, udongo haujakauka, mjomba wako akasema mbele ya watu wote, "Bastola ile haikuwahi kukosa mpaka ilipochezewa." Ulimi hauna mfupa. Kesho yake alfajiri nikakuta kitanda chako kimetandikwa.

Katika miaka miwili umeandika barua moja. Umesema tusikusubiri. Umesema, "Mimi ndiye niliyemuua." Mchungaji alinisomea maneno hayo, nikamwomba anisomee tena, si kwa sababu sikusikia.

Basi Jumatatu nikamwambia Lemuel, "Weka koleo chini."

"Mama, ni kipande cha fedha tu."

"Nimesema weka chini, kabla sijakutia kwenye unga wewe mwenyewe."

Nikatia risasi. Nikachukua kopo tupu la mafuta ya nguruwe, nikamtuma aliweke juu ya nguzo ya zizi, palepale aliposimama puma. Mimi nikasimama mlangoni aliposimama baba yake. Mikono yangu inatetemeka, unaijua, lakini niliegemea mwimo wa mlango, nikaiweka sarafu yako katikati ya kopo, nikavuta. Orrin, kopo liliruka kama kuku aliyekanyagwa.

Lemuel akasema, "Bahati."

Nikampa bastola. "Haya, mwenye jicho, piga na wewe."

Akaliokota kopo, akalirudisha, akapiga. Katikati. Akapiga tena. Katikati, shimo linagusa shimo. Ya tatu hakupiga. Aliishusha bastola, akaenda akakaa ukingoni mwa birika la farasi, suruali ikalowa asijue. Akaniuliza, "Mama, kama inapiga sawa, Baba alikosaje?"

Na hapo nikasema nililoapa kutosema. Nakuambia na wewe.

Babu yako alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alimwingia la kushoto, kisha la kulia, na mwaka ule wa mwisho alikuwa anauona mchana kama wewe unavyoona taa kupitia blanketi. Hakuna aliyejua ila mimi. Alinishika mkono akaniapisha. "Keturah, wakijua wataninyang'anya farasi, wataninyang'anya bastola, watanikalisha kwenye kiti kama gunia." Nikaapa. Nikawa jicho lake. Nilikuwa nikikohoa mara moja akija Lemuel, mara mbili ukija wewe. Nyama nilimkatia jikoni kabla ya kuileta. Hatua za kwenda zizini alizijua kwa hesabu, ishirini na tisa. Siku moja alimsalimia mchungaji kwa heshima zote, akamuuliza habari za mkewe, kumbe ni koti la mchungaji limetundikwa kwenye msumari. Nikamwambia mchungaji, aliyekuwa nyuma yetu, kwamba mzee anapenda mzaha. Usiku tulicheka mpaka akalia.

Asubuhi ile alifyatua kwa kusikia. Hakuiona sarafu yako, wala asingeiona ile ya zamani, wala hata ungemtilia sahani ya chai kwenye mtutu. Mkono wako haukukosea. Kazi yako ni ya kweli, na mashimo matatu kwenye kopo ni ushahidi.

Sasa ngoja nilitoe lile baya zaidi, nalo ni langu. Lemuel alipokurushia maneno pale makaburini, mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwako. Nilikuwa najua. Neno moja lingetosha. Nikatazama kaburi, nikakumbuka kiapo, nikafunga mdomo. Nilichagua fahari ya mtu aliyekwisha kufa, nikakuacha wewe uliye hai ubebe. Nilijiambia nitakueleza kesho. Kesho ukawa hupo. Kisha barua yako ikaja na anwani, na bado nikakaa kimya, maana kila mwezi uliopita ulifanya aibu yangu kuwa kubwa zaidi. Nimekulea tangu mama yako alipofariki, nimekupiga kwa mwiko ulipostahili, nimekaa na wewe usiku wa surua, na siku uliyonihitaji kweli sikuwa bibi yako. Nisamehe, mwanangu. Usinisamehe kwa adabu. Ukinisamehe, iwe umenisamehe.

Jambo jingine. Usiku wake wa tisa Ansel aliomba bastola. Akapitisha kidole gumba kwenye sarafu, polepole, mbele na nyuma, kama mtu anayepapasa shavu la mtoto. Akaniuliza ni ya mwaka gani. Nikamwambia, "Ya Orrin." Akaipapasa tena. Kisha akasema, "Imesimama wima vizuri. Huyu fundi." Ndivyo alivyokuita.

Sikuagizi urudi. Umekuwa mtu mzima, na huenda huko una kazi unayoipenda, au mwanamke mwenye mikono mizuri. Ila nataka ulale. Nataka uamke asubuhi bila kumkuta puma yule kifuani. Na ukitaka kuja, zizi linamhitaji mtu wa kumfunza yule mtoto wa Yubilei kufuata kamba, kwani Lemuel anamwogopa.

Mjomba wako ameweka kalamu chini. Anapenga pua. Sasa ananiomba aandike mstari wake mwenyewe, nami nimemruhusu mmoja tu.

Orrin, nilisema jambo nisilolijua. Nalikiri kwa mkono wangu. — Lemuel.

Basi. Mzee Tiburcio wa ng'ambo ya mto anakusalimu. Pilipili zake zimekauka, na shada moja limetengwa kwa ajili yako. Mchungaji na mkewe wanakusalimu. Watoto wa Lemuel, Velma na Asa, wanauliza kama samaki wa huko wana meno. Yubilei hajui kusalimu, lakini nilipolitaja jina lako zizini aligeuza sikio.

Mungu akuwekee moto wa kukukausha, viatu visivyovuja, na mtu wa kukukatia mkate mnene.

Ni mimi nikupendaye kwa mifupa yote, hata ile inayouma,

Bibi yako,
Keturah
(alama ya kidole changu hii hapa, ina unga)