Nakala ya Simu ya Mama

Asnath,

Maharage yameiva, chumvi bado. Unga wa muhogo uko kwenye debe. Mdogo wako Japhet asiende shuleni bila sweta.

Kompyuta nimeondoka nayo. Ni ya ofisi, na leo naipeleka Kitanga kumkabidhi bwana shamba mpya.

Asubuhi ulinikuta nafuta picha za mama yenu, ukaniuliza, "Baba, unamfuta mama?" Ukatoka na ndoo ya maji kabla sijajibu. Jibu ni hili. Siku ile alipochomeka simu yake humo ili ipate chaji tu, kompyuta ilijinakilia kila kitu bila yeye kutaka. Sikupenda picha zake za wodini zibaki mikononi mwa mtu mwingine. Simu yenyewe iko kabatini na picha zote zimo, nilizikagua kwanza.

Nilidhani kuzifuta kungenishinda. Hakukunishinda. Ilikuwa kama kufagia uwanja, na tangu tumzike kila kitu kwangu kiko hivyo. Usidhani nimemsahau, mwanangu.

~~Simu yake usiiguse mpaka nirudi.~~ Hapana, ichaji umeme ukirudi. Humo mna sauti za mama yenu alizokuwa akimtumia bibi yenu wa Muyama, anaongea Kiha na kucheka. Picha niliweza kuzitazama, ila hizo sijathubutu kuzifungua. Jioni tukae wote watatu tuzisikilize. Wewe ndiye utakayebonyeza.

Baba yenu