Samaki wa Mama

Mama Javan,

Ukifika kutoka Ainabkoi, chai iko kwenye chupa. Mimi nimeenda kazini. Jumamosi usipange kitu, tunawapeleka Javan na Akumu kupimwa damu.

Daktari amepiga simu asubuhi. Hii kolesteroli yangu nimezaliwa nayo, nimeirithi kwa Baba. Inaziba mishipa ya moyo hata kwa mtu mwembamba anayekimbia kila siku, kwa hivyo uache kunicheka na vidonge vyangu. Kila mtoto wetu anaweza kuwa nayo au akose, nusu kwa nusu. Ikijulikana mapema inatibika.

~~Usimwambie mamangu, atashtuka.~~ Ameshajua. Alikuwa amekaa hapa mezani akisikia yote.

Unakumbuka vile ndugu za Baba walimwambia matangani, kwamba mafuta yake ya kukaanga ndiyo yalimuua mumewe. Miaka kumi na tisa hajamkaangia mtu samaki. Leo ameniuliza, "Kwa hivyo si mimi?" Nikamwambia, "Si wewe, Mama." Akamaliza chai yake, kisha akauliza samaki wabichi wanauzwa wapi siku hizi.

Saa hii yuko sokoni. Akirudi, jikoni ni kwake, usimsaidie hata kupaa magamba. Na usimhubirie mambo ya mafuta. Daktari ameniambia nipunguze, na nitapunguza.

Nipakulie kipande kidogo, lakini uniwekee mahali ataniona nikikila.

Baba Javan