Malapa ya Njano Mlangoni

Jumatatu, 4 Oktoba 2004. Nachingwea
Ule mlio hauniachi. Pii, pii, pii. Betri ya dharura hulia hivyo umeme ukikatika, ili niwahi kuzima kompyuta kubwa taratibu. Naota nausikia. Leo umekatika mara mbili kabla ya chai. Nimezima, nimewasha. Nilipopewa ukuu wa kitengo cha kompyuta hapa ushirika wa wakulima, nilipigania mashine mpya. Siku hizi napigania umeme na vumbi. Viatu nje, kila mtu, hata Mkurugenzi. Wananicheka.

Jumatano, 6 Oktoba
Mkurugenzi anamwoza binti yake Jumamosi, kabla ya mfungo. Anataka betri yangu ikawashe muziki na video. Nimekataa, naye akanijibu:
"Binti yangu, wewe na hilo dude kama mtu na mumewe."
Ofisi nzima imecheka. Zuhura, msaidizi wangu, hakucheka. Nimemfundisha kila kitu, kuanzia kushika mausi ya kompyuta. Ufunguo wa pili anao yeye.

Ijumaa, 8 Oktoba. Ruangwa
Nimeleta tawini nakala za kumbukumbu za wakulima, kijiji cha Nandagala hadi cha Likunja. Kikaoni waliita safari hizi kupoteza dizeli. Nalala huku.

Jumamosi, 9 Oktoba
Nimerudi alasiri, nikapita ofisini. Mlango umefungwa. Malapa ya njano ya Zuhura yako nje. Bila shaka alikuja kukagua mashine, akabadili viatu, akaenda harusini. Siku ya mapumziko. Nimeguswa. Nikiondoka, kitengo nitamwachia yeye. Sikuingia.

Jumatatu, 11 Oktoba
Umeme umekatika. Nikasubiri mlio. Kimya.
Kioo cheusi. Nyuma ya meza pana mraba usio na vumbi, betri haipo. Umeme uliporudi mashine haikuwaka.

Jumanne, 12 Oktoba
Kikao. Mkurugenzi ameuliza kitengo kiko chini ya nani, kana kwamba hajui. Betri imesharudi mahali pake, imefutwa vizuri. Nimesema Ijumaa niliiacha ikifanya kazi. Nikamtazama Zuhura.
"Mimi Jumamosi sikuingia humo, dada."
Jumamosi sikuitaja.
Nimevuliwa ukuu. Kapewa yeye.
Kanifuata ukumbini. "Mzee Mkurugenzi ndiye aliyeniajiri, dada. Ningesemaje?" Nimemwambia angenyamaza tu. Namchukia. Najichukia zaidi kwa kuguswa na malapa.

Alhamisi, 14 Oktoba
Jana nilifuata nakala Ruangwa. Leo nimeziingiza kwenye mashine nyingine. Likunja wamo. Nandagala wamo. Hakuna mkulima aliyepotea. Mkurugenzi ameshukuru mbele ya watu wote. Amemshukuru Zuhura. Naye akapokea.

Jumapili, 17 Oktoba. Ruangwa
Mji umetulia, mfungo umeanza. Mama mwenye nyumba, Mmwera mtaratibu, ameniuliza kama nina ndugu huku. Hapana.
Shule moja hapa ilikuwa ikiniomba tangu Julai nikafundishe hesabu. Kila mara niliwajibu kwamba siwezi kuiacha mashine. Ijumaa niliwakubalia. Kisha nilikwenda chumba cha kompyuta kumkabidhi Zuhura ufunguo. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, miguu mitupu, malapa yako mlangoni. Niliingia na viatu. Alivitazama.
Niliweka ufunguo mezani, nikatoka. Kesho naanza na kidato cha kwanza.