Wagonjwa wa Pembeni mwa Fomu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakujulia hali wewe na mguu wako uliokuwa ukivimba kwa kusimama kutwa, ingawa najua siku hizi husimami, na hilo ndilo linaloniuma. Namjulia hali mama, presha yake na miwani yake, ambayo natumaini hakuna aliyeikalia tena. Namjulia hali mjomba pia, kwa kuwa barua hii itaishia mikononi mwake. Ndiye mwenye sauti ya kusomea watu. Mimi ni mzima wa mwili. Kuhusu mengine utaamua mwenyewe ukimaliza kusoma.

Nakuomba uisome kwanza peke yako, ukiwa umekaa. Kisha, ukiona inafaa, mpe mjomba aisome sebuleni mbele ya wote, na asiruke mstari hata mmoja. Nimeiandika kama mtu aliyesimama mbele ya watu, kwa sababu jina lako lilivunjwa mbele ya watu, na sioni haki ya kulijenga upya kwa kunong'ona.

Huu ni mwezi wa pili tangu usimamishwe kazi. Wanasema kwamba wewe, muuguzi msimamizi wa zahanati, ulinyamaza wiki tano nzima huku watu wakiletwa na ugonjwa wa kuhara maji, na kwamba laiti ungetoa taarifa mapema, watu kumi na mmoja wasingekufa. Mmoja wao ni mwalimu wa chekechea wa nyumba ya nyuma yetu. Mama amenieleza kwa simu kwamba mama yake mwalimu haitikii tena salamu yako, na kwamba umeanza kupita njia ya kisimani ili usikutane naye. Mama alinieleza hayo kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Nadhani alichoka kulia kabla hajanipigia.

Ofisi yetu ya utafiti ndiyo iliyoombwa kuchunguza ni kwa nini huduma zilizidiwa na mlipuko ule. Nilimwambia mkurugenzi waziwazi kwamba muuguzi anayehusika ni dada yangu wa tumbo moja. Alicheka, akasema vizuri, basi hatutahitaji mtu wa kutuonyesha njia. Nikapewa dodoso lenye maswali sitini na manne, nikaja.

Ndiyo, nilikuja. Mama alisikia kwa muuza maji, akaniuliza, nikamjibu kwamba taratibu za utafiti hazikuniruhusu kufika nyumbani. Alipokea jibu hilo kama anavyopokea kila neno langu lenye harufu ya shule. Ukweli ni kwamba kwa siku tisa nililala nyumba ya wageni, mwendo wa dakika ishirini kutoka mlangoni kwenu, kwa sababu sikuwa na uso wa kukutazama. Unajua kwa nini, na hadi leo tulikuwa tunajua wawili tu. Wiki ya tatu ya mlipuko ulinipigia simu nikiwa ofisini. Uliniambia una wagonjwa wamelala sakafuni, vipimo vimeisha, na kila unayemwambia anakwambia usubiri. Nilikujibu nini? Nilikujibu kwamba habari za simu hazina uzito, fuata utaratibu, andika kwenye fomu ya wiki. Nilisema hivyo kwa upole, nikaona nimekusaidia. Kamati ya uchunguzi wa kesi yako ilipokuuliza kama uliwahi kumweleza mtu yeyote wa ngazi ya juu, ulisema hukumbuki. Dada, wewe unakumbuka hata namba za viatu vyetu vya darasa la kwanza.

Sasa nikueleze nilichokikuta zahanatini kwako. Benchi ni lile lile, ila limepigwa ubao mpya katikati. Ukutani, mahali ulipobandika picha ya kunawa mikono, pamebaki gundi tu. Nilianza na mzee mmoja aliyekuja kutibiwa kikohozi. Nilipomsomea swali la kumi na saba, kama ameridhika na muda wa kusubiri, aliniambia niandike kwamba yeye yupo hapo tangu alfajiri, na kwamba kiti kilichokuwa chake ndicho nilichokikalia mimi. Watu wakacheka, nikainuka. Mama mmoja akauliza kwa sauti kama sisi ndio wale wale wa mwaka juzi, maana nao waliuliza hayo hayo, na je, tukishajua tutarudi kuwaambia, au tunajiulizia tu?

Nilikwenda pia kwa mjane ambaye mumewe alifia kwenye chumba chako cha chanjo. Fomu ilinitaka nimwombe apime huduma kwa viwango vitatu: nzuri, ya kiasi, mbaya. Akasema, "Weka ya kiasi, baba, usije ukapata matatizo kazini." Nikaiweka. Nina shahada mbili, na nikaiweka.

Kuhusu wewe, lakini, hakuna aliyesita. Walinieleza ulivyofungua stoo ukalaza watu juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, na pakiti za maji ya chumvi zilipokwisha ukapima chumvi na sukari kwa kijiko cha nyumbani, ukamfundisha kila aliyekuja na mgonjwa. Fundi seremala mmoja, aliyelala kwenye benchi hilo siku mbili akiwa na dripu imening'inizwa kwenye msumari wa dirisha, alinieleza kwamba kila Ijumaa alasiri ulinawa mikono, ukakaa mezani na rula, ukaandika kwa utulivu kama mwalimu wa hesabu. Kisha akaniuliza swali ambalo halikuwa miongoni mwa yale sitini na manne. "Sasa yule dada," alisema, "alikuwa akimwandikia nani?"

Nilirudi ofisini na swali hilo. Katika kompyuta zetu, ambamo fomu za wiki za zahanati zote huingizwa, zahanati yako ilionyesha sifuri wiki ya kwanza, sifuri wiki ya pili, na sifuri hadi ya tano. Nilimweleza mkurugenzi kwamba mashahidi wote wanasema uliandika. Alinijibu kwamba mashahidi wana huzuni, kompyuta haina huzuni, na kwamba ripoti inasubiri sentensi moja tu: kwamba mlipuko ulisambaa kwa uzembe wa mtumishi wa ngazi ya chini. Nilimuuliza kama tunaweza kutazama fomu zenyewe za karatasi. Akasema karatasi ni mambo ya zamani, na kwamba ziliamriwa ziharibiwe baada ya kuingizwa.

Hapo ndipo nilipoteremka kwa karani wetu wa takwimu, mama mmoja wa makamo ambaye ofisi nzima inamwita Mama Mafaili. Chumba chake kiko chini ya ngazi, hakina dirisha, na ukikaa unasikia viatu vya wakubwa vikipita juu ya kichwa chako. Aliponiona alisema lo, msomi mzima stoo, leo itanyesha. Nilimuuliza kwa aibu kama kuna karatasi iliyopona. Alinijibu kwamba hajawahi kuharibu hata moja, kwa kuwa kompyuta zetu zikizimika huwa tunamjia mbio kama tunaofukuzwa na nyuki. Akavuta boksi, akapuliza vumbi upande wangu, nadhani kwa makusudi.

Nikauona mwandiko wako, dada. Wiki ya tatu. Mbele ya maneno "Kuhara maji: idadi ya waliothibitishwa kwa kipimo" ulikuwa umepiga mstari mfupi kwa rula, kwa sababu hukuwa na vipimo na hukutaka kudanganya kwamba umethibitisha. Na pembeni, nje ya kisanduku, kwa kalamu ya bluu: "Wagonjwa kumi na tisa. Vipimo vimeisha tangu mwezi uliopita. Naomba msaada haraka." Wiki ya nne walikuwa thelathini na mmoja. Wiki ya tano uliandika arobaini na wanne, ukapigia mstari neno "haraka" mara mbili, na kalamu imetoboa karatasi.

Nilipandwa na hasira kiasi cha kusahau adabu. Nilimgeukia Mama Mafaili nikamfokea. Nilimuuliza ni moyo gani unaosoma maneno hayo na kuingiza sifuri, wiki tano mfululizo, watu wakifa. Alifuta mikono kwenye kanga yake, akavuta droo, akatoa kijitabu cha mwongozo wa kuingiza takwimu, akakifungua mahali palipokunjwa pembe kwa kutumika sana, akaniwekea mbele. Kanuni ya kumi na mbili inasema hivi: "Nafasi iliyoachwa wazi au yenye mstari ihesabiwe kuwa sifuri. Maelezo ya pembeni yasiingizwe." Kisha akasema taratibu, "Funga sasa, baba, utazame jalada."

Dada, kwenye jalada kuna jina langu.

Mjomba, ukifika hapa usikohoe, endelea. Mwongozo ule niliutunga mimi miaka minne iliyopita. Wakati ule zahanati nyingi zilikuwa zinaleta fomu zenye mapengo, na wakubwa walikuwa wakilalamika kwamba takwimu zetu zimekamilika kwa asilimia sitini na moja tu. Nilikaa mezani siku moja asubuhi nikaandika kanuni ya kumi na mbili, na kufikia mwisho wa mwaka tulikuwa na asilimia tisini na nane. Hakuna mgonjwa hata mmoja zaidi aliyekuwa amehesabiwa. Mapengo tu ndiyo yaliyogeuka kuwa sifuri, na sifuri inapendeza kwenye jedwali. Nilipewa cheti. Ndicho kile ambacho mama alikitundika sebuleni kando ya saa, na ambacho kila mgeni huonyeshwa kabla hajapewa maji. Inueni macho, mkitazame.

Kwa hiyo uliponipigia simu nikakwambia uandike kwenye fomu, nilikutuma ukapige hodi kwenye mlango ambao niliupigilia misumari mimi mwenyewe. Nawe ukatii. Uliandika kila Ijumaa.

Natamani niseme kwamba nilipanda ngazi siku hiyo hiyo nikatangaza haya. Sikufanya hivyo. Nilimwendea mkurugenzi, na yeye akaniambia kisichomo kwenye kompyuta si takwimu, na kwamba nikifungua jambo hili nitachafua hesabu za miaka minne za zahanati zote kwa sababu ya karatasi tano. Kisha akalegeza sauti akaniita kijana wangu. Alisema anaweza kukuhamishia zahanati nyingine kimyakimya, bila adhabu, mradi ile sentensi ya uzembe ibaki. Nilikaa na pendekezo hilo siku mbili. Hata niliiandika ile sentensi, nikaisoma, nikarekebisha alama zake za vituo. Ilikuwa sentensi nzuri. Kilichonizuia hakikuwa ujasiri, usinisifie. Ni kwamba kila nilipoifikia nukta ya mwisho nilimsikia yule fundi seremala akiuliza ulikuwa ukimwandikia nani, na nilikuwa nalijua jibu.

Jana asubuhi nilizipeleka fomu zako zote tano kwa katibu wa kamati ya uchunguzi, pamoja na mwongozo wangu na maelezo yangu ya kurasa mbili, yenye ile simu yako ndani. Mama Mafaili alinisindikiza hadi mlangoni akiwa amelikumbatia boksi kama mtoto mchanga, akakataa kuliachia mpaka nakala zote zikagongwa muhuri. Alhamisi saa tatu asubuhi nitasimama mbele ya kamati niyaseme haya kwa mdomo wangu. Siwezi kukuahidi kwamba utarudishwa kazini. Katibu aliniambia kamati haifungwi na karatasi zilizokutwa chini ya ngazi. Mimi nimeshaondolewa kwenye utafiti, na kwenye meza yangu amekaa mtu mwingine, ambaye leo alinipigia simu kuniuliza dodoso linajazwaje.

Kinachonikera kupita yote ni kwamba kanuni ya kumi na mbili bado inatumika. Jumatatu iliyopita ilitumika. Mahali fulani kuna muuguzi mwingine mwenye rula na kalamu ya bluu.

Ndani ya bahasha nimeweka nakala za fomu zote tano. Ile ya wiki ya tatu mpelekee mama yake mwalimu. Usimweleze chochote, mpe tu asome pembeni. Mwanawe ni mmoja wa wale kumi na tisa, ulimhesabu. Naye akitaka kujua ni nani aliyemfuta, mpe na barua hii.

Nisalimie wote. Mama mwambie naomba kile cheti akiteremshe, na mahali pake abandike lolote apendalo, hata kalenda ya mwaka jana. Mjomba, uliyeniita Profesa kwa dhihaka tangu nikiwa na miaka saba, ukasema nitaishia kuhesabu wagonjwa badala ya kuwaponya: umekosea kidogo. Hata kuwahesabu sikuwahesabu.

Ukipenda kunijibu, dada, usijali mistari wala nafasi. Andika hata pembeni. Nitasoma karatasi yote.

Mdogo wako,
Profesa